Gari la kaka linachemsha: shajara ya kutafuta joto linakotoka

Siku ya 1

Kaka ameniachia gari lake leo asubuhi. Ni sedani ya petroli, lita 1.5, silinda 4, hedi (kichwa cha injini) ya alumini. Limechemsha mara 2 ndani ya wiki moja, na kabla ya hapo lilishapita kwa fundi aliyelirudisha akisema limepona. Nimemwomba kaka asinitajie anachodhani kimeharibika. Anieleze tu lini linachemsha na lilikuwa linafanya nini.

"Mara ya kwanza tunapanda kile kilima kirefu, AC inafanya kazi, watu 4 ndani," akasema. "Mara ya pili kwenye foleni. Na hiyo ya kilimani, mdogo wangu, ilinidanganya. Mshale ulipanda, halafu ukashuka wenyewe hadi katikati. Nikajua limepoa. Dakika 2 hazijaisha, mvuke ukatoka chini ya boneti."

Hapo kwenye mshale nimepiga mstari daftarini. Sensa inapima maji yanayoigusa. Maji yakipungua ikabaki kwenye hewa, inaanza kusoma chini, na dereva anapumua wakati hedi ndiyo inaungua. Nikamuuliza kama alijaribu hita. Alijaribu, kwa sababu aliwahi kusikia kwamba hita inasaidia kuondoa joto, ila ilitoa hewa baridi. Hita ni rejeta ndogo nyuma ya dashibodi na inatumia maji yaleyale ya injini. Injini inachemka na hita ni baridi: basi maji hayafiki kule. Yamepungua, au hewa imekwama njiani.

Kuna jambo moja linanisumbua kuliko mengine. Gari linalochemsha kwenye foleni tu, likishika mwendo likapoa, naanza na feni, maana likiwa mwendoni upepo wa barabara unafanya kazi ya feni. Gari linalochemsha kwenye mwendo au mlima tu, naanza na rejeta, mzunguko wa maji na themostati, ile vali inayofunguka kwa joto la maji. Hili linachemsha kote kuwili. Kwa hiyo ama kuna tatizo kubwa moja, kama kuvujisha kwa gasketi ya silinda hedi, ile inayotenga maji na gesi ya silinda, ama kuna matatizo kadhaa yamepandana. Naomba iwe la pili.

Leo sijafungua kitu. Injini ina moto, na mfuniko wa rejeta yenye moto haufunguliwi. Umeandikwa 1.1, maana yake mfumo unashikilia presha ya bar 1.1 juu ya hewa ya kawaida, na kwa presha hiyo hata maji matupu hayachemki hadi karibu nyuzi 120. Ukiufungua maji yakiwa nyuzi 110, presha inaanguka papo hapo, maji yanachemka ghafla na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Nimeangalia chupa ya akiba peke yake. Imejaa mpaka shingoni.

Siku ya 2

Injini imelala usiku kucha, ni baridi. Nimefungua mfuniko: maji siyaoni. Nimeingiza kijiti hadi nikayagusa, kisha nikajaza nikipima. Zimeingia lita 1.3, na mfumo mzima unabeba lita 6 hivi. Chupa imejaa, rejeta ina njaa. Picha hiyo niliibeba kichwani siku nzima, kwa sababu injini ikipoa maji ya chupa yalitakiwa yarudi yenyewe.

Maji yenyewe yana rangi ya kutu. Hakuna kulanti humo, ile dawa ya kupoza inayozuia kutu, ni maji ya bomba yaliyoongezwa miezi na miezi. Oili kwenye kijiti ni safi, na chini ya mfuniko wake hakuna ule utando wa rangi ya maziwa unaotokea maji yakiingia kwenye oili. Nimefungua plagi zote 4 nikazipanga: zinafanana. Kama silinda moja ingekuwa inakunywa maji, plagi yake ingetoka imeoshwa na mvuke, nyeupe kuliko wenzake.

Kisha nimefunga pampu ya kupimia presha mahali pa mfuniko nikasukuma hadi bar 1.1. Baada ya dakika 10 ilikuwa 0.9. Hakuna tone sakafuni. Nimezunguka na tochi na kioo kidogo na kuona alama nyeupe ya chumvi iliyokauka pale mpira wa hita unapoingia nyuma ya injini, sehemu ambayo mkono unafika kwa shida. Klipu imelegea. Nimeweka mpya, nikapima tena: 1.1 baada ya dakika 20, haijasogea. Uvujaji mdogo wa aina hii haumwagi maji chini, kwa sababu kila tone linakauka juu ya chuma cha moto. Inabaki chumvi tu.

Kipimo cha gasketi nacho nimekifanya leo leo, maana bila kukifanya nisingelala. Ni kichupa chenye dawa ya rangi ya bluu kinachokaa kwenye mdomo wa rejeta na kuvuta hewa ya humo ipite ndani ya dawa. Hewa ikiwa na gesi ya ekzosi, dawa inageuka njano. Unapunguza maji kwanza yashuke chini ya shingo, vinginevyo dawa inavuta maji na kipimo kinaharibika. Injini imenguruma dakika 15, dawa imebaki bluu. Nimeandika "hapana kwa sasa". Ufa mwembamba unaweza kujifunga injini ikiwa haina mzigo, kwa hiyo nitarudia baada ya kilima.

Siku ya 3

Asubuhi nimekuta mpira wa juu wa rejeta umebonyea, bapa kabisa, kama mrija wa karatasi uliofyonzwa. Jana haukuwa hivyo. Nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika.

Mfuniko wa rejeta una vali 2. Ile kubwa yenye springi inaachia presha ikizidi na kusukuma maji kwenye chupa. Ile ndogo ya katikati inafunguka injini inapopoa, maji yakisinyaa na kuacha utupu, ili maji ya chupa yarudi. Kwenye mfuniko huu ile ndogo imegandishwa na kutu. Nimeivuta kwa kucha, haisogei hata kidogo.

Sasa hadithi ya lita 1.3 inaeleweka. Kila safari maji yalitanuka yakaenda kwenye chupa. Kila usiku mfumo ulivuta ukitaka yarudi, vali ikagoma, na utupu ukaivuta hewa kupitia ile klipu iliyolegea. Asubuhi rejeta imepungua, chupa imejaa, na kaka akitazama chupa anaona mambo ni shwari. Nilipoikaza klipu, utupu ukakosa pa kupumulia, ndipo mpira ukabonyea. Tatizo la kwanza lilikuwa limelifunika la pili.

Mfuniko mpya, wa presha ileile. Wapo wanaoweka wenye presha kubwa zaidi wakidhani gari litastahimili joto. Mipira na matenki ya plastiki ya rejeta ndiyo yanayolipia.

Mchana: kipimo cha kusimama. Nimechomeka kisomaji cha OBD, kifaa kinachosoma kompyuta ya gari, ili nione nyuzi zenyewe, kwa sababu mshale wa dashibodi ya gari hili unakaa katikati kwa muda mrefu bila kujali ni nyuzi 80 au 100, halafu unaruka. Gari limesimama, AC imewashwa. Feni imewaka ilipofika 97, kama inavyopaswa. Lakini joto halikushuka. 99, 101, 103. Nikazima.

Mtu akiona feni inazunguka anasema feni ni nzima. Hii inazunguka, ila sauti yake ni ya uvivu. Nimeweka multimita, yaani kipima volti, kwenye soketi ya feni ikiwa inafanya kazi: volti 10.6, wakati betri ina 14.0. Volti 3.4 zinapotea njiani. Nikapima vipande vipande. Kutoka kwenye plasi ya betri hadi plasi ya feni inapotea 0.5. Kutoka negatifu ya feni hadi negatifu ya betri, 2.9. Mwizi amejulikana ni wa upande wa ethi, njia ya umeme kurudi kwenye betri kupitia bodi. Nimefuata waya hadi pale unapofungwa kwa boliti kwenye bodi, karibu na taa. Kutu ya kijani, na plastiki ya soketi imeungua ikawa kahawia. Nimesugua hadi chuma king'ae, nimeweka kichwa kipya cha waya na grisi ya kuzuia kutu, na soketi nimeibadilisha.

Volti 13.4. Feni sasa inavuma. Kipimo kilekile, AC ileile: joto linapanda 97, feni inawaka, linashuka hadi 91, feni inazima. Mzunguko huo umejirudia kwa dakika 40 nikiwa nimekaa kando na daftari.

Nisingepima volti ningeishia kununua feni mpya na kuifunga kwenye ethi ileile mbovu.

Siku ya 4

Kilima. Nimekwenda na kaka, yeye anaendesha, mimi nasoma namba. Hata kabla ya kufika nimeona kitu cha ajabu: dakika 20 za barabara tambarare na injini ipo nyuzi 71. Kwenye mteremko ikashuka hadi 66. Injini nzima ingetulia karibu na 90. Tukaanza kupanda, AC na mzigo vilevile kama siku ile: 85, 94, 101, 108. Nikamwambia asimame pembeni, azime AC, afungue hita yote, aache injini ingurume. Safari hii hita imetoa moto wa kweli. Maji yapo, ila hayapoi ya kutosha.

Baridi kupita kiasi barabarani, moto kupita kiasi kilimani. Mchoro huo una jina, na tuliporudi na kungoja ipoe nimelithibitisha. Nimefungua nyumba ya themostati: ndani hamna kitu. Fundi aliitoa.

Najua kwa nini inatolewa. Gari linachemsha, unawaza kwamba ile vali inazuia maji, ukiitoa yatapita kwa wingi. Kwenye gari hili fikra hiyo inaumiza. Themostati yake ina visahani 2 kwenye mhimili mmoja. Injini ikiwa baridi, kisahani kikubwa kinafunga maji ya rejeta yasiingie, na kile kidogo kinaacha wazi njia ya mkato, ili maji yazunguke ndani ya injini na kupata joto haraka. Injini ikipata moto, nta iliyo ndani ya kopo lake inayeyuka na kutanuka, mhimili unasogea, kisahani kikubwa kinafungua rejeta na kidogo kinaziba njia ya mkato. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi daima. Sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye pampu bila kuiona rejeta hata mara moja. Kwenye tambarare hulioni tatizo, unachoona ni injini baridi inayokunywa petroli nyingi. Kilimani, unapohitaji kila tone lipite kwenye rejeta, ndipo linapokuumiza.

Themostati mpya ni ya nyuzi 82. Hata kitu kipya nakipima kabla ya kukifunga. Nimeitundika kwa waya kwenye sufuria ya maji bila kugusa chini, na kipimajoto kando yake. Imeanza kuachia 82 na kidogo, na kufikia 95 ilikuwa wazi kabisa, nafasi ya milimita 8 nilivyoipima. Ina kipini kidogo kinachocheza ukingoni. Hicho kinakaa juu kabisa, ili hewa ipate pa kutokea wakati wa kujaza.

Siku ya 5

Kilima tena. Tambarare 89 hadi 92, imetulia kama maji ya mtungini. Juu ya kilima: 104. Kutoka 108 hadi 104 ni hatua, ila haijatosha. Nimerudia dawa ya bluu injini ikiwa imetoka kilimani, nikingoja kwanza ipoe hadi presha ishuke na kufungua kwa kitambaa kinene taratibu. Imebaki bluu. Gasketi nimeifuta kwenye orodha, na kaka amekaa chini akanyamaza muda mrefu kidogo.

Imebaki rejeta yenyewe. Nimeanza nje: kati ya kondensa ya AC, ile inayofanana na rejeta na kukaa mbele yake, na rejeta kuna mwanya wa vidole 2, na mbele huuoni. Umejaa manyoya, nyuzi za majani na tope lililokauka kama blanketi. Nimeosha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kwenda mbele, kinyume na njia yalikoingilia. Presha kubwa inalaza zile pezi nyembamba na kuziba vizuri kuliko tope.

Kisha ndani. Nina kipimajoto cha miale, kile cha kuelekeza, na kuna kosa nililowahi kulifanya nacho: alumini inayong'aa haitoi miale yake vizuri, kwa hiyo kipimo kinasoma chini sana. Nimebandika vipande vya tepu ya karatasi kwenye uso wa rejeta, safu 3 kwa 5, na kupima juu ya tepu. Injini ina moto, themostati imefunguka, feni nimeizima kwa muda mfupi. Juu kote 93. Safu za katikati na kulia, chini, 80 hadi 82. Safu 2 za kushoto, chini, 51 na 48.

Mtu anaweza kudhani pale penye ubaridi ndipo rejeta inafanya kazi vizuri zaidi. Ni kinyume chake. Mirija ya pale imeziba, maji ya moto hayapiti, ndiyo maana ni baridi. Sehemu kubwa ya upande wa kushoto wa rejeta haifanyi kazi. Kwenye foleni, feni ikiwa na nguvu, sehemu iliyobaki inatosha. Kilimani haitoshi.

Nadhani hapa ndipo yote yalipoanzia. Maji ya bomba yaliacha magamba ya chokaa na kutu kwenye mirija, gari likaanza kuchemsha kilimani, themostati ikatolewa kulisaidia, likazidi. Ubovu wa mfuniko, klipu na ethi ya feni ulikuja taratibu kwa umri, ukakuta gari halina tena akiba ya kupoza.

Siku ya 6

Nimejaribu kuiokoa. Nimefungua mipira yote 2 nikapitisha maji kinyume, kutoka chini kwenda juu. Yametoka kahawia, kisha chembe kama mchanga, kisha safi. Baada ya kufunga na kupima tena kwenye tepu: 48 imekuwa 55. Imekataa. Nimeagiza nyingine.

Wakati gari lipo wazi nimeipima pampu ya maji. Nimeshika puli na kuitikisa, haichezi. Tundu lake la chini, linalotoa maji sili ikifa, ni kavu. Mpira wa chini wa rejeta una springi ndani, upo na haujaoza, kwa hiyo hautafyonzwa bapa injini ikienda kasi. Pampu inabaki.

Maji yote yaliyotoka yapo kwenye ndoo yenye kifuniko. Haya ya leo ni kutu tu, lakini nataka iwe mazoea: kulanti ya ethileni glikoli ina utamu, na mtoto au mbwa akiinywa inaua figo.

Siku ya 8

Rejeta mpya imeingia. Kujaza nimekupa asubuhi nzima, kwa sababu hewa iliyobaki kwenye hedi inaweza kuharibu kazi yote ya wiki. Nimepandisha mbele ya gari ili mdomo wa rejeta uwe juu kuliko kitu chochote kwenye mfumo. Hita imefunguliwa hadi mwisho. Kulanti nusu, maji yaliyotoneshwa nusu, nimechanganya kwenye ndoo safi kabla ya kumimina. Nimemimina polepole nikibinya mpira wa juu kwa mkono, kila ukibinywa mapovu yanatoka. Nikawasha injini mfuniko ukiwa wazi, nikaiacha hadi themostati ifunguke: mpira wa chini unapata moto ghafla na maji yanaonekana yakikimbia mdomoni. Mapovu, mapovu, kisha kimya. Nikaongeza hadi shingoni, nikafunga mfuniko, nikajaza chupa hadi alama ya chini, na kubandika kipande cha tepu palepale maji yalipoishia.

Siku ya 9

Kilima. Watu 4, AC, gia ya pili mwisho kabisa ambapo barabara inasimama wima. 90, 92, 95, 97. Feni ikaingia. 96. Tumefika juu, kaka akageuka kutaka kuniambia kitu, nikamwonyesha mkono asubiri, kwa sababu joto hupanda zaidi mtu akishasimama: upepo umekata na chuma bado kina moto. 98. Feni. 94. 91.

Tukashuka, tukajitia kwenye foleni makusudi saa ya watu kutoka kazini. Dakika 35. Haijavuka 98.

Siku ya 10

Asubuhi, injini baridi. Mpira wa juu upo mviringo. Rejeta imejaa hadi shingoni. Maji ya chupa yalipanda jana jioni, leo yamerudi, yapo chini ya tepu kwa unene wa kidole. Hicho ni kihewa cha mwisho kilichotoka. Nimeongeza hadi kwenye tepu.

Siku ya 12

Maji yapo kwenye tepu, hayajasogea.

Siku ya 16

Kaka amenipigia mwenyewe kabla sijauliza. Anafungua boneti kila asubuhi sasa, anatazama mpira kwanza, halafu mdomo wa rejeta, halafu chupa. Anasema maji yapo kwenye tepu.

Siku ya 23

Wiki 2 tangu kilima. Nimekwenda kupima presha mara ya mwisho: 1.1, dakika 20, haijasogea. Volti za feni, 13.4. Maji yapo kwenye tepu. Nimeiacha tepu hapo.